Mama Nyuzi Haghushi Sahihi ya Mtu

Asubuhi, chumba cha mbele kina kelele za randa kutoka uani na harufu ya gundi ya mbao. Mama Nyuzi ameketi karibu na dirisha, miwani imemshuka puani, kitambaa cheupe kimekazwa kwenye duara la mbao. Anadarizi jina la mtu asiyemjua.

"Huyu aliandika huku anacheka," anasema bila kuinua kichwa. "Ona herufi zinavyorukaruka."

Wageni husaini kitambaa hicho mlangoni mwa ukumbi wa harusi, badala ya kitabu. Baadaye yeye hufuata kila sahihi kwa sindano na uzi, kisha mumewe, fundi seremala, hukitia kwenye fremu ya kioo. Kazi moja huchukua karibu mwezi.

"Kitabu kinafunikwa siku hiyohiyo, basi. Hiki kinatundikwa sebuleni. Wakigombana, wanatazamwa na ukoo mzima."

Alikuwa mshonaji kiwandani kwa miaka kumi na moja, hadi cherehani ilipomjeruhi mkono wa kulia. Vidole viwili havishiki tena kitu chembamba. Alipoachishwa kazi aliketi kitako, akajifunza sindano upya kwa mkono wa kushoto.

"Mwanzo alishona kama kuku aliyelewa," mumewe anatania kutoka mlangoni.

"Na fremu zako za kwanza zilikuwa na pembe tatu," anamjibu.

Mwaka jana bibi harusi mmoja alimletea kitambaa chenye nafasi tupu katikati. Baba yake hakumtaka mkwe, akagoma kuja harusini. Binti alitoa karatasi ya zamani yenye sahihi ya baba, akaomba inakiliwe.

"Nilimwambia, mwanangu, mimi nafuata mkono wa mtu, simsainii mtu. Akalia. Akasema nikikataa atampa mwingine kazi."

Badala ya kubishana, Mama Nyuzi aliuliza baba anapatikana wapi. Binti akamwelekeza, shingo upande. Mama Nyuzi akakunja kitambaa, akamfuata mzee kwenye karakana yake ya baiskeli.

"Alinitimua, hata kiti hakunipa. Wiki iliyofuata nikarudi. Nikamwambia, mzee wangu, sikuja kukupatanisha na mtu. Nina kazi yangu haijaisha. Ukikataa, hapa patabaki wazi, na kila atakayeingia kwa binti yako atauliza ni pa nani."

Mzee alifuta grisi mikononi, akasoma majina ya ndugu zake moja baada ya jingine. Kisha akaomba kalamu. Hakuandika jina lake. Aliandika: "Baba."

Binti alipoiona kazi ndani ya fremu, alikaa sakafuni. Mpaka leo baba hajakanyaga kwa binti na mumewe, ingawa siku hizi simu ya binti huipokea. Mama Nyuzi hadai kwamba amemaliza ugomvi wa watu.

"Mimi nilitaka sahihi. Nimeipata."

Sasa amekodi chumba cha jirani. Mwezi ujao wenzake wanne walioachishwa kazi kiwandani wataanza kujifunza hapo, ili waweze kupokea harusi kadhaa kwa pamoja. Meza ziko tayari.

"Mmoja ananiambia macho yamechoka, mwingine anasema mikono. Nawaambia, njooni na miwani yenu. Machozi kila mtu ana pa kuyamwagia kwake. Hapa tunakuja kushona."