Maji ya Kombe

Masika ya mwaka ule yalikuwa mazito hata njia ya kisimani ikawa kijito. Kisima chetu kilikuwa bondeni, chini ya kijiji, upande wa Kisarawe. Mvua ilikifurikisha, ikaingiza samadi ya mbuzi, majani yaliyooza na uchafu wa vyoo. Bwana afya akaja na baiskeli yake, akazungumza nasi baada ya sala ya Ijumaa, wanawake tukimsikiliza kutoka uani. Alisema maji ya kunywa yachujwe kwa kitambaa, yachemshwe mpaka yatokote, yapoe yakiwa yamefunikwa.

Nilifanya hivyo kila siku. Mume wangu alikuwa kazini Dar es Salaam. Nyumbani tulibaki mimi, wakwe zangu, na binti yangu aliyekuwa ndiyo kwanza ameanza kutembea. Maji ya mtungini yote yalikuwa yamepita motoni.

Kisha mtoto akashikwa na homa. Baba mkwe, ambaye alisomesha watoto Kurani pale kijijini, alitoa sahani nyeupe akaandika aya kwa zafarani iliyolowekwa kwenye marashi, ili maandishi yaoshwe na mgonjwa anywe. Ndilo kombe. Akaniambia, "Mama, niletee maji."

Nikaenda mtungini.

"Siyo hayo. Ya kisimani, yasiyoguswa na moto."

"Lakini baba, bwana afya amesema..."

"Amesema maji ya kunywa. Hii ni dawa."

Mama mkwe akacheka jikoni. "Mwache huyo! Anataka kuyapika maneno ya Mungu kama kisamvu."

Nikachukua ndoo, nikashuka kisimani nikateka. Nami nilisomeshwa tangu utoto kwamba maji yasiyobadilika rangi, ladha wala harufu ni twahara, na ya kisimani siku zile yalikuwa yametulia, meupe kabisa. Yalitufaa kwa udhu. Hakuna aliyewaza kwamba yanayofaa kwa udhu yaweza yasifae kwa tumbo.

Baba mkwe akaosha sahani, akasoma, akamnywesha. Mtoto akalamba midomo kwa sababu ya marashi.

Homa ilishuka. Baadaye akaanza kuhara, kinyesi kikawa kama maji yaliyooshewa mchele. Nilimpa uji mwepesi, akautapika. Macho yakaingia ndani. Akafa mapajani pangu, mchana, watu wakiwa mashambani.

Tulimzika kabla ya magharibi. Wanawake walinishika mikono wakidhani nitaanguka. Sikuanguka, wala sikulia. Nilisikia baridi ya mkeka miguuni, basi.

Sijui kwa hakika lililomuua. Huenda ugonjwa ulikuwamo mwilini tangu mwanzo. Siku ya mtu huandikwa na Mola wake, na hilo naliamini leo kama nilivyoliamini siku ile. Baba mkwe hakusema neno juu ya kombe, nami sikumwuliza.

Kabla ya arubaini, mama mkwe naye akaanza kuhara. Baba mkwe akaandika sahani nyingine, kisha akaja kusimama mbele yangu nayo, zafarani haijakauka.

"Nipe ya mtungini, mama."

Nikamchotea. Mama mkwe akanusa, akakunja uso. "Kombe gani hili linanuka moshi?"

"Kunywa."

"Wewe ndiye uliyesema moto..."

"Nilisema. Kunywa, mke wangu."

Akanywa. Nami nikawa nampa maji yale yale ya mtungini, kidogo kidogo, kutwa nzima, na siku zilizofuata. Akapona. Namshukuru Mungu kwa hilo. Tuliishi naye miaka mingi.

Siku mama mkwe alipoweza kukaa mwenyewe mkekani, baba mkwe alinifuata jikoni. Nilikuwa napuliza moto chini ya chungu.

"Mwanangu, uniwie radhi."

"Nimekuwia radhi, baba."

Nilisema kweli, ingawa kifuani sikuhisi kitu. Akabaki amesimama pale, akingoja labda nilie. Nikainama nikaendelea kupuliza, maana maji yalikuwa bado hayajatokota.