Ndoo ya Nelima

Nelima amefulia watu wa Mwiki nguo tangu atoke Bungoma, na mikono yake haina mchezo. Ila akishaanika juu ya paa la ploti, lile jengo la wapangaji, hupindua ndoo, akaikalia, akaimba nyimbo za kanisa na kupiga soga na majirani mpaka soksi ya mwisho ikauke.

"Namlipa afue ama aote jua?" Ciku, mwenye nguo, alifoka. Akanunua mashine ya kufua.

Wiki hiyohiyo mashuka yake yakaibwa kwenye kamba. Ciku akampigia Nelima simu, sauti imenyenyekea.

"Mama Boaz, rudi tafadhali. Mashine inafua vizuri, lakini haijui kukaa."

Nelima akacheka. "Haya basi. Iache ifue, mimi nakuja kukaa."