Mto wa Mchanga

Harufu ya gundi ya viraka hunirudisha mtaa wa Jericho, Nairobi, mwanzoni mwa miaka ya themanini, nyuma ya nyumba yetu, ambapo mimi na rafiki yangu Ouma tulikuwa tukitengeneza baiskeli za baba zetu. Babake alikuwa karani wa reli, wangu dereva. Tulikuwa na miaka kumi na minne, na tulitaka kufika kwa nyanya yangu Ukambani tukilala njiani chini ya turubai, kama wazungu tuliowaona wakipita Jogoo Road kwa baiskeli na mizigo yao midogo. Tulibeba turubai, sufuria, unga, shuka moja moja na dumu la maji la lita tano.

Kufikia Tala jua lilikuwa limeshatunyamazisha. Dumu lilikuwa kwenye karia yangu, nyuma ya kiti, na kwenye kila mlima lilinivuta nyuma. Nikasema tuyamwage hayo maji. "Beste, una uhakika?" Ouma akaniuliza. Mimi nilikuwa Mkamba wa Jericho, likizo zote nazimalizia mtaani, lakini siku hiyo nilijifanya mwenyeji. Nikamwambia, "Mto uko hapo mbele. Kwa ramani ya shule ni laini ya buluu kabisa." Tukamwaga.

Saa nane tuliufikia mto. Ulikuwa mchanga mtupu, ukingo hadi ukingo. Hakuna aliyewahi kuniambia kwamba mto unaweza kukosa maji. Ouma aliketi, akalala, jasho likamkauka, kisha akaanza kuongea na mamake, ambaye tulikuwa tumemwacha Nairobi. Nilijua nimemuua.

Mama mmoja akatokea na punda wake. Hakusalimu. Alipiga magoti hatua tatu kutoka kichwani pa Ouma, akafukua mchanga kwa kata mpaka mkono ukazama begani, na maji yakaanza kujaa shimoni. "Mnakufa kiu na mmelalia maji?" akauliza huku akimlowesha Ouma kichwa. "Wewe ni mwana wa nani?" Nilimtajia jina la nyanya yangu kwa aibu kubwa.

Ouma alipata nafuu, na leo ni babu wa watu. Mwaka jana nilienda kumwonyesha binti yangu mto ule. Malori yamechota mchanga wote kwenda kujenga Nairobi, umebaki mwamba mkavu. Nyumba yangu ya Komarock imejengwa kwa mchanga wa mito kama ule, na nilipoununua sikuuliza ulikotoka. Kama Ouma angeanguka pale leo, yule mama angepiga magoti kwenye jiwe, na mimi ningerudi Jericho peke yangu.