Alama Nne Alizozikata Mwalimu Viateur

Saa mbili kasoro robo, Jumatatu asubuhi. Ukungu haujaondoka kwenye vilima vya juu ya Mushaki, na Mwalimu Viateur Nzabonimpa anaandika ubaoni herufi ya wiki. Wiki hii ni m. Anaivuta polepole, bila kuinua chaki, na nyuma yake watoto arobaini na saba wanaiandika hewani kwa vidole.

"Ma!" anasema.

"Ma!" wanaitikia.

Baada ya kusoma inakuja hesabu. Anainua vijiti vitatu mkono wa kulia, vinne mkono wa kushoto.

"Tatu na ine?"

Mtoto mmoja wa benchi la nyuma anaruka juu. "Kumi na mbili!"

Darasa linaangua kicheko. Viateur hacheki. Anajua jibu hilo limetoka wapi. Ng'ambo ya ukuta wa mianzi, ukuta usiofika hata kwenye paa, mwalimu mwenzake, Mamazeli Agathe, ameuliza sasa hivi saba na tano ni ngapi. Mwanafunzi wa Viateur amejibu swali la mwalimu mwingine, tena amelijibu sawasawa.

"Unaona?" anamnong'oneza mgeni wake, mwandishi wa habari hii, aliyekaa karibu na mlango. "Hata masikio ya batoto bangu iko kule."

Mwaka huu wa 1957 Viateur ametimiza miaka thelathini na minane, na kumi na minne kati ya hiyo ameimaliza na chaki mkononi. Alizaliwa hapa hapa, katika familia ya wakulima wa maharagwe na mihogo. Alijifunza kusoma kwenye mafundisho ya dini, na mwaka 1943 misheni ilipokosa mwalimu wa mwaka wa kwanza, akaitwa yeye. Hakuwa na diploma. Mpaka leo hana.

Hilo halikumsumbua. Kila mtu wa kilima hiki anayejua kuandika jina lake alishikwa mkono naye. Siku za soko wanaume wenye ndevu wanamvulia kofia.

"Nilikuwa peke yangu," anasema. "Muntu akiwa peke yake, anajiona mukubwa."

Septemba iliyopita watoto wa mwaka wa kwanza walifika tisini na wanne. Darasa likagawanywa kwa mianzi, nusu ikabaki kwake, nusu ikapewa binti wa miaka ishirini aliyetoka shule ya masista na diploma yake. Jina lake Agathe, na kwa kuwa hajaolewa watu humwita Mamazeli.

Wiki ya kwanza Viateur alimhurumia. Wiki ya pili alianza kusikiliza.

Alisikia watoto wa ng'ambo wakiimba tarakimu. Aliwasikia wakicheka katikati ya hesabu, jambo ambalo yeye hakuwahi kulisikia kwa miaka yote hiyo. Alisikia mbegu za maharagwe zikimwagwa mezani, kisha sauti ya Agathe: "Kumi inaenda kwa nyumba yake. Ngapi banabakia inje?" Na sauti arobaini zikijibu kwa pamoja.

Kila Jumamosi, siku ya posho kama wenyeji wanavyoiita, mkubwa wa shule hutoa mtihani mmoja kwa madarasa yote mawili: maneno matano ya imla na hesabu kumi. Halafu husoma matokeo uani, watoto wakiwa wamesimama mistari miwili. Kati ya Septemba na Machi, darasa la Viateur lilishinda imla mara nne. Hesabu halikushinda hata siku moja.

Mkewe, Adelaïde, anakumbuka miezi hiyo bila furaha. "Alikuwa anarudia nyumbani na habari ya ule binti tu. Viatu yake, kucheka yake, mbegu zake. Siku moja nilimuuliza: Papa, unakula na mimi ao unakula na ule ukuta?"

Viateur anakiri kwamba usingizi ulimpungua na chakula kikakosa ladha. Wazazi wawili walipoomba watoto wao wahamishiwe upande wa pili, aliwapa mkono, akatabasamu, kisha akaenda nyuma ya shule kukaa peke yake.

Wiki moja kabla ya Pasaka ulifika mtihani mkubwa wa muhula. Ili kuondoa maneno, mkubwa wa shule aliagiza walimu wabadilishane: Agathe asahihishe karatasi za Viateur, Viateur za Agathe.

Watoto walipoondoka, Viateur alibaki darasani na karatasi arobaini na saba. Ya kwanza ilipata tisa kwa kumi. Ya pili kumi. Ya tatu tisa. Alipofika ya kumi na moja, kwenye tisa jumlisha nne, mtoto alikuwa ameandika kumi na tatu kwa penseli, safi kabisa. Viateur alichukua penseli yake. Ile tatu akaifunga upande wa kushoto, ikawa nane. Kumi na nane. Akaweka alama ya kosa.

"Mukono ulienda mbele yangu," anasema, halafu anajisahihisha. "Hapana. Nilijua nafanya nini."

Aliziharibu karatasi tisa. Mojawapo ilikuwa ya Emérita, msichana wa miaka minane. Ilistahili nane, ikatoka na nne.

Jambo ambalo Viateur hakulijua ni kwamba baba wa Emérita, mkulima aitwaye Nzabandora, alikuwa amemwekea binti yake sharti. Akipata chini ya sita, basi, shule imekwisha. Kuna maharagwe ya kupalilia na mdogo wake wa kubebwa.

Baada ya Pasaka Emérita hakurudi. Siku ya tatu Agathe alizunguka ukuta na karatasi tisa mkononi. Watoto walikuwa wakicheza nje.

"Mwalimu, hii nane ni ya nani?"

"Ya mutoto wako," Viateur alijibu.

"Batoto bangu banaandika nane na viduara mbili, kimoja juu ya kingine. Njo vile nilibafundisha. Hii haiko nane. Hii ni tatu, muntu aliifungia mulango."

Viateur aliangalia meza.

"Sitaenda kwa mukubwa," Agathe alisema. "Lakini Emérita iko ku shamba sababu ya hii karatasi. Weye njo utaenda kumutoa kule. Hapana mimi."

Alhamisi, baada ya masomo, Viateur alipanda kilima. Ni mwendo wa saa mbili, na anasema alisimama mara tatu akitaka kugeuka. Alimkuta Nzabandora kati ya mistari ya maharagwe, na Emérita pembeni na mtoto mgongoni. Nzabandora alivua kofia.

"Vaa kofia yako, Papa," Viateur alimwambia. "Nimekuja kusema kitu mbaya. Emérita alipata nane. Mimi nilimuandikia ine."

"Ulikosea?"

"Sikukosea. Niliharibu."

Nzabandora aliegemea jembe. "Mutoto wangu alikufanyia nini?"

"Hakuna. Nilionea mwalimu wake wivu."

Mkulima yule hakupiga kelele, na Viateur anasema ingekuwa nafuu kama angepiga. Aliuliza: "Sasa mimi sijui kusoma. Ine ulisema wewe, nane unasema wewe. Nitaamini gani?"

Viateur alimwomba Emérita achukue kijiti aandike chini tisa na nne. Msichana aliandika, akafikiri kidogo, akaweka kumi na tatu.

Baba yake hakuiangalia tarakimu. "Sema na kinywa," alimwambia. Emérita akasema. Ndipo Nzabandora akapasua maganda ya maharagwe, akahesabu mbegu tisa kwenye kiganja, akaongeza nne, akaanza upya moja moja mpaka mwisho. Alihesabu mara mbili.

"Ni kumi na tatu," alisema. Akamtoa binti yake mtoto mgongoni, akambeba yeye mwenyewe. "Kesho atakuja. Lakini karatasi yake usiishike tena."

Ijumaa asubuhi Emérita alikuwa kwenye benchi lake. Siku hiyo hiyo, bila kusukumwa na mtu, Viateur alienda kwa mkubwa wa shule akaeleza yote. Alama za watoto tisa zilisomwa upya uani, na mkubwa akasema mbele ya madarasa mawili kwamba kosa lilikuwa la mwalimu, si la watoto. Kuna adhabu nyingine pia. Darasa la mwaka wa pili, ambalo Viateur alikuwa ameahidiwa kwa Septemba, atapewa Agathe. Yeye atabaki na wanaoanza.

Agathe hasemi mengi juu ya jambo hilo. "Nilikasirika, na bado sijamaliza," anasema. "Lakini angalia kaye, daftari za batoto bake. Maandiko yao ni mazuri kupita yangu mimi mwenyewe. Nilimuuliza anafanya namna gani. Alinionyesha."

Naye Viateur alimwomba zile mbegu. Sasa anazo zake kwenye mkebe, ingawa mkono wake bado unataka vijiti.

Julai, shule zikifungwa, atakwenda misheni kwenye masomo ya wiki sita kwa walimu wasio na diploma. Jina lake limeshaandikwa. Ukimuuliza kama wivu umeisha, anapangusa chaki vidoleni na kuangalia kwanza kama mlango umefungwa.

"Sitasema uongo tena. Iko. Nikisikia banacheka kule, kifua kinaniwaka." Anainama mbele. "Lakini fikiri hivi. Batoto nitapokea Septemba, mwaka ukiisha, banapanda kwake. Nataka siku ya kwanza afungue kaye yake, abaulize kusoma, bawe banajua. Abaulize kalkil, ile hesabu yake, bawe banajua. Afike siku ya posho, na akose kitu ya kubafundisha."

Kisha, kwa mara ya kwanza asubuhi hii, Mwalimu Viateur anacheka.