Sauti ya Nyuma ya Pazia

Siku hiyo tulikuwa sita nyumbani kwetu Bigo: mimi, Mama Rebeka jirani yetu, watoto wake Rebeka, Gloire na Espoir, na mdogo wangu Furaha, aliyelala nyuma ya pazia na malaria.

Niliacha shule wazazi wetu walipokufa. Kiingereza sikijui. Furaha ndiye aliyekisoma, miaka miwili katika kambi ya wakimbizi Uganda. Lakini nani angempa mtoto wa miaka kumi beseni la unga wa muhogo ili afundishe? Basi nikajiita mwalimu. Nilionyesha herufi kwa fimbo, Furaha akatamka, watoto wakarudilia. Mimi nilitikisa kichwa kama mkaguzi.

Tulikuwa tumefika W. Kwa kuwa Furaha aliumwa, ningewarudisha watoto kwao, lakini Mama Rebeka alikuja kusikiliza, akaketi mbele kabisa.

"Leo tamka weye mwenyewe, mwalimu."

Nikaonyesha W. Nikakohoa. Nikaifuta, nikaandika nyingine, kubwa zaidi.

"Mwalimu, ile ya kwanza ilikuwa muzuri," alisema Espoir.

Ndipo sauti dhaifu ikatoka nyuma ya pazia, ikatamka W. Watoto wote wakanigeuzia mgongo, wakarudilia wakitazama pazia.

Mama Rebeka akaitazama fimbo yangu.

"Kumbe mwalimu ni ule mugonjwa! Na unga wangu?"

"Tulishakula, mama."

Akadai herufi zilizobaki. Nadaiwa X, Y na Z, na anayezijua anatetemeka kwa homa.