Begi la Mzee Kinyozi

Asubuhi binti yake alimwambia, “Baba, vaa vizuri, leo tunatoka.” Basi! Hakusema wanakwenda wapi wala wanarudi lini.

Mzee Kinyozi aliduwaa na brashi ya viatu mkononi. Tangu mkewe afariki alikuwa akiishi chumba cha nyuma kwa binti huyu, na siku za karibuni kila akiingia sebuleni, binti na mumewe walikuwa wakinyamaza ghafla. Mtu aliyenyoa vichwa maisha yake yote anajua wateja wananyamaza lini: ni pale anayesemwa anapoingia. Basi mzee akajiambia, leo napelekwa kule wanakopelekwa wazee. Akafungasha mashati, wembe, na picha ya marehemu.

“Begi la nini tena, Baba?”

“Langu,” akajibu, na safari ikaanza.

Walishuka kwenye geti lililochorwa kasuku. Msichana mmoja mwenye mabuti yaliyojaa tope aliwapokea kwa furaha. “Shikamoo babu! Unaogopa nyoka?”

Ebo! Nyumba gani ya wazee hii, inayowauliza watu maswali kama hayo? Kabla hajajibu, alishavishwa chatu wa manjano mabegani, mzito, wa baridi. Mikono yake, kwa mazoea ya kazi, ikamchukua yule chatu na kuanza kumchomeka kwenye kola, vile anavyomfunga mteja shuka kabla ya kunyoa. Watu wakacheka mpaka wakashika mbavu. Mzee naye akacheka kidogo, ilhali hakuelewa kichwa wala miguu. Macho yake yalikuwa yakitafuta vitanda.

Chatu alipoondolewa, wakafika kwa komba wa Madagaska, mwenye mkia wa mistari, na mzee akaketi kwenye benchi. Komba akampanda mzee mapajani bila hodi, naye mzee akamwinamisha kichwa kwa vidole viwili, taratibu, kama mteja. Komba akatulia tuli.

“Kakupenda!” msichana alisema. “Huyu alilelewa nyumbani kwa watu. Mama mwenye nyumba alipofariki, watoto wakasema hawana nafasi ya kumwangalia, wakamleta hapa.”

“Wanakuja kumwona?”

“Waliahidi kila Jumapili,” msichana akasema, akaendelea kumenya ndizi.

 Mzee akalivuta begi karibu na miguu yake.

“Haya, mwanangu,” akamuuliza msichana, “na mimi nalala upande gani?”

Msichana akaangua kicheko. Mzee akamgeukia binti yake. Alitaka binti naye acheke. Alitaka kwa roho yake yote amkaripie, amwambie, Baba, wewe nawe, unazeeka vibaya, hebu twende nyumbani!

Binti hakucheka. Rangi ilimpotea usoni.

“Baba, nani alikuambia?”

Sasa mzee ndipo alipochanganyikiwa kweli, kwa sababu alikuwa amejiandaa kwa kila kitu isipokuwa kuwa sahihi.

“Hapa kwa wanyama tumekuja kutembea tu,” binti akasema. “Kule kwa wazee ni mwezi ujao. Nilitaka kwanza ufurahi, halafu ndiyo nikwambie.”

 Mzee alifungua begi, akatoa kitana chake cha kazini, akaanza kumchana komba kisogoni, polepole, akipuliza vinyoya vilivyokatika.

“Na nyinyi,” akauliza bila kuinua macho, “mtakuja Jumapili?”

Binti akaanza kulia palepale, mbele za watu.