Kufuli la Stoo ya Nyasi

Mwanamke anayetunza farasi bandani kwetu hamsalimii mtu kabla ya yule farasi kijana aliyenenepa kupita kiasi, naye humsalimia kwa vidole, akimkandamiza ubavuni kutafuta mbavu. "Bado mmejificha," huziambia mbavu, kisha huguna. Anapima nyasi kavu kwenye mzani, anaziloweka kwenye pipa zipungue sukari, na kuzitia katika wavu wa matundu madogo ili mnyama ale taratibu. Wageni anawapapasa mifuko langoni. Hata mama mkwe wa tajiri, mwenye farasi huyo, alishanyang'anywa mkate. Jioni humtembeza farasi kwa kamba, mwendo wa polepole, kama wa kwenda kumjulia mtu hali.

Siku moja tajiri alichekwa na wenzake kwamba amefuga gunia. Akaja amefura, akatia kufuli stoo ya nyasi. "Asile kitu mpaka akonde." Mtunzaji hakupandisha sauti. "Mnene kama huyu ukimnyima chakula ghafla, ini linaharibika, anakufa. Mimi simlazi njaa." "Farasi ni wangu," tajiri akasema, akatia ufunguo mfukoni. Mwanamke akaendelea kusugua ndoo. Asubuhi tulilikuta kufuli palepale, limefungwa vizuri, ila mlango mzima umeng'olewa kwenye bawaba na kuegemezwa ukutani. Yeye alikuwa kwenye pipa, mikono majini hadi viwikoni. Tajiri akasimama nyuma yake, anahema. "Kufuli lako sijaligusa, tajiri," alisema bila kugeuka. "Haya, nishikie huo wavu."